Somo: Kumpiga picha mbwa wa kituoni ili apate nyumba

Watu wengi wanaotafuta mbwa wa kumlea huanza kwa kuangalia picha kwenye simu. Hupitisha kidole haraka, na mbwa ambaye sura yake haionekani vizuri hupitwa hata akiwa ndiye mpole kuliko wenzake wote. Somo hili ni la yeyote anayejitolea kwenye kituo cha kutunza mbwa wasio na nyumba, awe na kamera kubwa au simu tu. Nataka tuachane na picha ya mbwa anayechungulia nyuma ya vyuma. Picha hiyo huvuta machozi, lakini mtu atakayeishi na mbwa miaka kumi au zaidi anataka kujua ataishi na nani.

Hatua ya 1: Uliza kwanza

Mtafute mhudumu anayemjua mbwa huyo. Je, anaogopa watu wageni? Huwaka akiona mbwa wengine? Kuna chakula kinachomdhuru, au amekatazwa kula kwa sababu anasubiri upasuaji? Anapenda mpira au anapenda kubembelezwa? Majibu hayo yatakusaidia pia kuandika maelezo ya chini ya picha. Kama amefika jana tu na kituo kinaweza kusubiri, mwache atulie siku kadhaa.

Hatua ya 2: Mtoe, mtembeze

Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Mbwa aliyeshinda kizimbani akitoka huruka, huvuta kamba, wala hana habari na wewe. Mpe dakika 15 au 20 za kutembea na kunusanusa atakavyo. Kunusa humtuliza. Akirudi mdomo u wazi kidogo na ulimi umelegea, uso wake hufunguka, na watu huiona sura hiyo kama tabasamu. Asichoshwe hadi ahemee juujuu. Kukiwa na joto, fupisha matembezi na umpe maji. Kisha mfute tongotongo na udenda, umpige brashi.

Kamba isivuliwe kamwe mahali pasipo na uzio. Tumia kamba nyembamba, mwenzako aishike kwa pembeni. Kuifuta baadaye kwa programu ya kuhariri ni kazi ndogo, ila mbwa aliyetoroka barabarani ni msiba.

Hatua ya 3: Mwanga

Tafuta kivuli chenye mwanga wa kutosha: kando ya ukuta, chini ya ukingo wa paa, uso wa mbwa ukielekea upande ulio wazi kwa anga. Utaona nukta nyeupe ndani ya macho yake. Nukta hiyo ndiyo inayoyapa macho uhai, kwa hiyo itafute kabla ya kubonyeza. Jua la utosini humfanya akunje macho.

Flashi izime. Nyuma ya retina ya mbwa, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, kuna tabaka linaloakisi mwanga, ndilo linalomsaidia kuona kwenye giza, na kwa sababu yake macho hutoka kijani au manjano kwenye picha. Isitoshe, mwako wa ghafla humshtua.

Mweke mita 3 hivi mbele ya ukuta au majani ili nyuma pafifie. Ondoa ndoo, mabakuli na mipira ya maji.

Hatua ya 4: Shuka chini

Piga magoti, kaa, hata ulale kifudifudi, lenzi iwe usawa wa macho yake. Ukimpiga kutoka juu, kichwa huwa kikubwa na miguu mifupi, naye hukutazama kama aliyekemewa.

Lakini usimkabili uso kwa uso. Kwa mbwa wengi kukodolewa macho ni kitisho, na lenzi wanaiona kama jicho kubwa. Kaa ubavu, mwache ainuse kamera, bonyeza mara chache bila kumlenga ili azoee mlio. Akipiga miayo bila usingizi, akilamba pua kila mara, akigeuza kichwa, au weupe wa jicho ukionekana pembeni, anakuambia kwamba hana raha. Shusha kamera, umpe nafasi. Akikunja mkia chini ya tumbo, ahirisha hadi siku nyingine.

Hatua ya 5: Piga

Kwa kamera: kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, iwe 1/500 ya sekunde akiwa ametulia, 1/1000 au zaidi akikimbia. Uwazi wa lenzi, yaani tundu linalopitisha mwanga, f/4 unatosha; namba ikipanda tundu huwa dogo, na sehemu kubwa zaidi ya picha huonekana wazi. Kwa mbwa mwenye pua ndefu nenda f/5.6, la sivyo macho yataonekana wazi na pua itakuwa na ukungu. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe.

Kwa simu: futa lenzi, gusa jicho la mbwa kwenye skrini, piga mfululizo. Rudi nyuma kidogo na utumie lenzi ya 2x, inayokuza mara mbili, kama ipo, maana lenzi pana ikikaribia sana huvimbisha pua.

Ukitaka asimamishe masikio, toa sauti ndogo mara moja, kisha mpe kipande cha chakula. Ukirudia sana ataipuuza.

Hatua ya 6: Chagua

Picha nne zinatosha: uso, mwili mzima kwa ubavu, akicheza, na akiwa na mtu. Hiyo ya mwisho huonyesha ukubwa wake na jinsi anavyomkubali binadamu. Ongeza video ya sekunde 20. Katika kuhariri, ongeza mwanga na ukate kingo, basi. Kovu, mvi na rangi ya manyoya viache vilivyo.

Maswali ya wanachama

*Asante kwa somo, mwalimu. Mbwa mweusi kila nikimpiga anakuwa doa jeusi lisilo na sura. Nifanyeje?*

Karibu, ndugu. Huenda nyuma yake pana mwanga mkali, na kamera inaufuata huo. Mweke mbele ya majani au ukuta wa rangi ya wastani, mwanga umwangukie kwa upande kidogo ili manyoya yang'ae. Kisha gusa uso wake kwenye skrini na upandishe mwanga hadi uone mboni.

*Wetu mmoja haruhusiwi kutoka, yuko chini ya uangalizi wa daktari. Nimsubiri?*

Kama daktari amekubali umsogelee, hakuna haja. Sogeza lenzi karibu kabisa na wavu, ielekee tundu moja, ufungue uwazi wote (namba ndogo kabisa ya f), naye awe nyuma mbali na wavu. Nyaya zitafifia hadi zisionekane. Kwa simu, iweke lenzi katikati ya tundu.

*Nimenunua mpira mwekundu ila kwenye nyasi anautafuta kwa shida. Haoni?*

Anaona, ila mbwa huona vizuri bluu na manjano. Nyekundu na kijani kwake zinakaribiana. Chukua mpira wa bluu.

*Dada, tuna mbwa mzee mwenye miguu mitatu. Wenzangu wanasema tumpige uso tu ili watu waje kwanza.*

Hapana, mwonyeshe mzima. Atakayekuja bila kujua atashtuka mbele yake, na mbwa atarudishwa kizimbani. Mpige akitembea, watu waone anavyojimudu, na useme wazi kwenye maelezo.

*Akishachukuliwa, picha tuziache?*

Siku hiyohiyo andika kwamba amepata nyumba, na uweke jina la mwingine anayesubiri mwenye tabia kama zake. Walioandika kumtaka wa kwanza bado wana nafasi nyumbani kwao, kwa hiyo uwajibu wote.