Dizeli imeanza kula mafuta: jinsi ya kujua kama ni hali ya hewa au ni injini

Siku za karibuni shemeji aliniletea gari yake ya dizeli, analalamika tangu baridi ianze inakunywa mafuta kuliko kawaida, na fundi wake keshamwambia nozeli zote nne (zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini) zishushwe. Nikamwambia shemeji ngoja kwanza, hiyo njia mimi nishapita na ilinila pesa na muda. Kuifungua na kuitengeneza ilichukua siku mbili tu, bila kugusa nozeli hata moja. Naandika tulivyofanya, kwa mpangilio uleule, maana ukianza na injini kabla hujatenganisha hali ya hewa utabadilisha vitu vizima.

Hatua ya 1: pima kwa kujaza tanki

Ile namba ya dashibodi iache kwanza. Jaza dizeli mpaka bomba la pampu likate lenyewe mara ya kwanza, usilazimishe kuongezea, tripu iweke sifuri, endesha kama unavyoendesha siku zote. Tanki likikaribia robo rudi pampu ileile, gari ikae vilevile ilivyokaa, jaza mpaka ikate tena. Lita gawanya kwa kilomita, zidisha kwa 100. Mfano lita 46.2 kwa kilomita 610 ni lita 7.57 kwa kilomita 100.

Tanki moja halitoshi. Dizeli inatoa povu, na povu likipanda pampu inakata mapema kabla tanki halijajaa sawasawa, kwaiyo namba ya tanki moja inaweza kukudanganya. Mimi nataka matanki matatu ndo niamini. Na pembeni ya kila namba andika joto la nje siku hizo, kama kulikuwa na mvua au upepo, na kama safari zilikuwa ndefu au za kwenda dukani na kurudi.

Hatua ya 2: toa kwanza kinacholetwa na hali ya hewa

Hewa ya baridi ni nzito. Kwenye digrii 0 mita moja ya ujazo ina uzito wa kama kilo 1.29, kwenye digrii 30 ni kama 1.16, yaani gari inasukuma hewa nzito zaidi kwa asilimia 11 hivi, na ukiwa unatembea 100 kwa saa kazi kubwa ya injini ni kuisukuma hiyo hewa. Mjini kwenye foleni hutaiona tofauti, barabara kuu utaiona.

Upepo ndo watu wanausahau kabisa. Unatembea 100, upepo wa 20 unakuja usoni, gari inaiona hewa kama uko 120, na nguvu ya kuizuia inapanda kwa asilimia 44. Halafu mtu anasema si nitarudi na upepo mgongoni itakuwa suluhu. Haiwi suluhu, ukirudi unapunguziwa asilimia 36 tu, hesabu ya kwenda na kurudi bado inakula kwako.

Tairi, joto likishuka digrii 10 upepo wa tairi unashuka karibu psi 2, pima asubuhi kabla hujatembea. Mvua nayo, tairi linatumia nguvu kusukuma maji pembeni. Na dizeli yenyewe inatanuka kwa joto, lita 50 ulizoweka ikiwa na digrii 30 ukizipooza mpaka 10 zinapungua karibu lita 0.8, yaani lita moja ya baridi inabeba dizeli zaidi kidogo, ila baridi kali inakuja na dizeli ya msimu wa baridi ambayo ni nyepesi kidogo kwa kila lita, kwaiyo hiyo faida usiitegemee.

Halafu safari fupi. Injini ya dizeli haipotezi joto ovyo kama ya petroli, ndo maana inakula kidogo, lakini kwa sababu hiyohiyo inachelewa sana kupata moto. Safari ya kilomita tatu asubuhi ya baridi inaisha injini haijafika joto lake, oili bado nzito, kila kitu kinasuguana. Kama matumizi yamepanda na safari zako ni za hivyo, gari haina ugonjwa.

Ukishatoa haya yote na bado gari inakula, sasa fungua boneti.

Hatua ya 3: themostati

Hapa ndo kwa kukaa. Themostati ni kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Themostati ikikwama wazi, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote hata injini ikiwa baridi, na injini haifiki joto lake. Kipindi cha joto huoni kitu, gari inaenda vizuri. Baridi ikiingia ndo inajionyesha, na mtu anasema ni hali ya hewa, au anasema ni nozeli. Ni vyote viwili vimekutana, baridi na kifaa kibovu.

Usiamini mshale wa dashibodi. Gari nyingi za siku hizi mshale umewekwa ukae katikati kwa joto lolote kuanzia sabini na kitu hadi mia na kidogo, ili dereva asihangaike. Ya kwangu mshale ulikaa katikati kabisa, nilipochomeka kisomeo kwenye soketi ya OBD (ya kusomea kompyuta ya gari) pale chini ya usukani nikaona digrii 75, nikishuka mteremko inashuka hadi 70. Kisomeo cha blututhi cha kutumia na simu kinatosha kabisa kwa kazi hii, na kwa maoni yangu kila mwenye dizeli awe nacho kabla hajanunua spana ya pili.

Huna kisomeo, tumia mkono. Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, washa, shika mpira wa juu wa rejeta (kwenye gari nyingi ndo unatoka upande wa themostati, yako iangalie kwanza). Unatakiwa ubaki wa baridi kwa dakika kadhaa, halafu ghafla uwe wa moto. Ukianza kupata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo, pamoja na injini, themostati haifungi. Mikono na nguo viwe mbali na mkanda na feni.

Sasa mahali paliponila Jumamosi nzima. Nilinunua themostati mpya, nikafunga, nikatoka barabarani, kisomeo kinasema 77. Nikaamua basi tatizo sio themostati. Nikahamia kwenye sensa ya joto, nikabadilisha, 77. Nikasafisha soketi, nikafuata waya mpaka nyuma ya injini, 77. Giza linaingia nikaichukua ile ya zamani iliyokuwa kwenye ndoo, nikaigeuza chini ya tochi, pembeni kwenye bati lake pamegongwa namba ndogo: 88. Nikaifungua ile mpya, pamegongwa 76.5. Themostati nzima, inafunga na kufunguka vizuri, ila ni ya injini nyingine. Muuzaji alinipa kwa kulinganisha umbo tu na mimi sikuangalia. Kwaiyo kabla hujalipa soma namba iliyogongwa na ilingane na ya injini yako, umbo peke yake halitoshi.

Na kabla hujaifunga ijaribu. Ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, chemsha. Ianze kufunguka karibu na namba yake, ukiitoa ikipoa ifunge yote. Wakati wa kufunga:

Mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto, subiri ipoe kabisa, maji yale yako kwenye presha na yanaunguza vibaya.
Kama ina kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza, mara nyingi kinakaa upande wa juu ili hewa itoke, angalia ya zamani ilivyokuwa imekaa.
Mpira wake wa kuzibia maji weka mpya. Bolti kaza kidogokidogo kwa kupokezana, ile nyumba yake ikiwa ya plastiki inapasuka kirahisi.
Kulenti (maji ya rejeta yenye dawa) rudisha ya aina ileile, usichanganye kwa kuangalia rangi.
Toa hewa. Hita iwe kwenye moto wa mwisho, injini iwake mpaka hita itoe hewa ya moto kweli na mpira wa juu uwe wa moto, zima, iache ipoe, ongeza kulenti, rudia. Hewa ikibaki ndani kisomeo kinarukaruka, utadhani umeharibu kitu kingine.

Kuna fundi atakwambia itoe kabisa, gari haitachemka. Mkatalie kwa heshima. Injini ikitembea baridi daima kontroli boksi (kompyuta ya injini) inajua haijapata moto, inabadilisha taimingi (muda wa kupulizia dizeli) na inaendelea kuongeza mafuta, na kwenye gari yenye filta ya masizi ile kazi ya kuyachoma inaweza ikawa haimaliziki, inaanza na kukatika, na kila ikianza inamwaga dizeli ya ziada. Hapo unapoteza mafuta mara mbili.

Gari ya shemeji ilikuwa na ugonjwa huu huu wa themostati. Ilisoma 73, sasa inasoma 87, na matanki matatu ya baada yake yametoka lita 8.4 yamekaa 7.6.

Hatua ya 4: hewa inayoingia

Filta ya hewa najua ushaangalia. Angalia mipira ya kutoka tabo (inayosukuma hewa ndani ya injini) hadi intakula (inayoipooza hiyo hewa), tafuta unyevu wa oili kwenye mikunjo, pale ndo hewa inapovuja. Sauti ya kupuliza ukikanyaga, na moshi mweusi, ni huko.

Hatua ya 5: nozeli na taimingi

Sasa ndo nozeli, na tayari injini ina joto lake. Kwenye komoni reli (dizeli za siku hizi, nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha) soma kwa mashine masahihisho ya kila silinda, yaani kiasi cha mafuta ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza, injini ikiwa ya moto, imewaka imesimama. Zote zinakaa karibu na sifuri, mmoja ukimkuta kajitenga mbali na wenzake huyo ndo wa kushuku, ushushe huyo tu akapimwe. Kwa pampu ya zamani ya makenika, moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi hata injini ikishapata moto mara nyingi ni taimingi imechelewa, mlio mkali wa kugonga ni imewahi. Geuza pampu kidogo sana na weka alama ya rangi kabla, ili ukikosea ujue pa kurudi.

Hatua ya 6: vile viboksi vya kuongeza nguvu na kupunguza mafuta

Siviweki kwenye gari ya mtu. Aina nyingi kinakaa kwenye sensa ya presha ya reli, kinaiambia kontroli boksi presha iko chini kuliko ilivyo, boksi inapandisha presha, dizeli inaingia nyingi zaidi kwa muda uleule wa nozeli kufunguka. Dashibodi inahesabu matumizi kwa kile boksi inachoamini imemwaga, kwaiyo namba ya dashibodi inashuka wakati mafuta yanayotumika hayajashuka. Kama ushafunga tayari, kichomoe, jaza matanki matatu bila, kirudishe, jaza matatu mengine, iwe msimu uleule na barabara ileile, halafu weka namba zako za pampu mbele ya aliyekuuzia.