Kusoma vipimo vya thairoidi na kutibu: hatua ninazofuata, na ile iliyonikwamisha miezi minane

Juzi tabibu mmoja mgeni kazini aliniletea karatasi ya majibu ya maabara ya mgonjwa wa thairoidi, ile tezi ya shingoni. "Dokta, nimepandisha dawa mara tatu, TSH imegoma kushuka." (TSH ni homoni inayopanda thairoidi ikilegea.) Nilicheka kidogo, si kwa kumdharau. Jambo hilohilo liliwahi kunizungusha miezi minane. Nilimweleza kwa mdomo, kisha nikaona heri niandike. Kama wewe ni mgonjwa unayesoma hapa, usijibadilishie dozi. Beba maswali uende nayo kwa daktari wako.

Hatua ya 1: Msikilize, kisha mshike shingo

Uchovu, kuhisi baridi wenzake wakijipepea, choo kigumu, ngozi kavu, hedhi nzito, mapigo ya polepole: huenda thairoidi imelegea. Mapigo ya kasi, jasho, mikono kutetemeka, kukonda huku anakula vizuri: huenda imezidisha kazi. Simama nyuma yake, ameze maji, uisikie tezi ikipanda chini ya vidole. Ila dalili peke yake hazitoshi, maana upungufu wa damu na sonona huvaa nguo hizohizo.

Hatua ya 2: Agiza TSH peke yake

Sipendi kabisa ile tabia ya kuagiza vipimo kumi kwa mkupuo. TSH hutoka kwenye pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo, kuihimiza thairoidi: thairoidi ikilegea, TSH hupanda, ikizidisha, TSH hushuka. Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida karibu na 0.4 hadi 4.0 mIU/L, lakini fuata kilichochapwa kwenye karatasi uliyo nayo. Majibu yakiwa nje ya hapo, ongeza T4 huru. (T4 na T3 ni homoni za thairoidi yenyewe.) T3 naiagiza TSH ikiwa chini tu. Kwa thairoidi iliyolegea hubaki ya kawaida hadi mwisho mwisho, kwa hiyo haikuambii kitu. Na ultrasaundi kwa mtu asiye na uvimbe shingoni ni kujitafutia shari: utaona vinundu visivyo na madhara na mgonjwa atakosa usingizi.

Ukishuku pituitari yenyewe ndiyo mbovu, agiza T4 huru tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Soma namba mbili pamoja

TSH juu na T4 chini: thairoidi imeshindwa. Hapo napima mara moja kingamwili za TPO, yaani kinga ya mwili inayoishambulia thairoidi; zikiwepo, mara nyingi ni ugonjwa alioueleza Hakaru Hashimoto mwaka 1912, na sizipimi tena. TSH juu na T4 ya kawaida: TSH ikizidi 10 kwa kawaida natibu, ikiwa chini ya 10 narudia baada ya miezi miwili au mitatu, maana wengi hurudi sawa wenyewe. (Mjamzito hafuati kanuni hii, kwake usisubiri.) TSH chini na T4 au T3 juu: imezidi.

T4 chini huku TSH nayo ni ya chini au ya kawaida? Simama. Mgonjwa mahututi anaweza kuonyesha hivyo bila tezi kuwa na kosa. Kama si mahututi, wazia pituitari, na upime kotisoli, homoni ya tezi za juu ya figo, kabla ya kidonge chochote cha thairoidi. Kumpa dawa hii mtu asiye na kotisoli ya kutosha kunaweza kumuua.

Uliza pia kuhusu vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina biotini, nayo huzidanganya baadhi ya mashine zisome TSH chini na T4 juu, kana kwamba thairoidi imezidi. Aache angalau siku mbili, kisha apimwe upya.

Hatua ya 4: Anza levothairoksini

Hii ni T4 ya kidonge. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mzee au mwenye moyo dhaifu aanze na mikrogramu 12.5 hadi 25 kwa siku, upandishe taratibu. Rudia TSH baada ya wiki 6 hadi 8, si kabla: nusu ya T4 huchukua kama siku 7 kutoka mwilini, na pituitari huchelewa kuamini.

Hatua ya 5: TSH ikigoma, usiguse dozi kwanza

Mama mmoja wa kilo 62 nilimwanzishia mikrogramu 50. TSH ilikuwa 18. Nikapandisha 75, 100, 125, 150, kila mara nikisubiri wiki saba, na TSH ikaenda 15, ikarudi 17. Hesabu ilinipigia kelele nisisikie: kwa kilo zake, 100 ilitosha. Ukishakaribia mikrogramu 2 kwa kilo na TSH bado iko juu, tatizo haliko kwenye dozi.

Nilikuwa nikimuuliza, "Mama, unameza dawa?" Akijibu, "Kila siku, mwanangu." Alisema kweli. Siku moja nikamwomba anionyeshe *anavyomeza*. Akatoa mkobani kidonge cha thairoidi na cha madini ya chuma, akavitia kiganjani pamoja. Chuma hushikana na dawa tumboni, isipite. Kalsiamu na dawa za kutuliza asidi zenye alumini hufanya hivyohivyo. Ziachane kwa saa 4. Kidonge kimezwe kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula au kunywa kahawa. Asiyeweza asubuhi ameze usiku, zikishapita saa 3 tangu mlo wa mwisho. Binafsi naupenda usiku.

Sasa tahadhari niliyokaribia kuisahau: ukitenganisha vidonge, punguza na dozi. Aliyezoea kupitisha robo ya 150 ataanza kuipitisha karibu yote, na moyo utamwenda mbio. Nilimrudisha 100, wiki saba baadaye TSH ilikuwa 2.3.

Kama hakuna chuma wala kalsiamu, endelea kuuliza. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, hupunguza ufyonzwaji. Rifampisini ya kifua kikuu, na fenitoini na kabamazepini za kifafa, huimaliza dawa haraka mwilini. TSH ikiwa juu na T4 huru ikiwa nzuri au juu kidogo, mara nyingi mtu aliacha dawa wiki kadhaa akaikumbuka siku chache kabla ya kipimo. Usimgombeze, atakuficha zaidi. Baada ya hayo yote ndipo utafute ugonjwa wa tumbo, kama siliaki (utumbo kuumizwa na gluteni ya ngano).

Na mwanamke anayetumia dawa hii akigundua ana mimba, naagiza aongeze vidonge viwili kwa wiki siku hiyohiyo, kisha aje apimwe.

Hatua ya 6: Thairoidi iliyozidi

Kabla ya kabimazoli, dawa inayozuia thairoidi kutengeneza homoni, pima kingamwili za kipokezi cha TSH: zikiwepo, tezi kweli inachochewa kuzidisha kazi. Tezi iliyovimba tu na kumwaga akiba yake ya homoni haiponi kwa kabimazoli. Propranololi ya kutuliza moyo inatosha, ila si kwa mwenye pumu. Ukianza kabimazoli, mwambie kwa mdomo na umwandikie: homa au koo kuuma, aache dawa na apimwe chembe nyeupe siku hiyohiyo. Miezi ya mwanzo fuata T4 huru na T3, kwa sababu TSH inaweza kubaki chini muda mrefu hata mgonjwa akiwa amepoa.