Somo: Waini ya kulaza miaka na ya kunywa mapema, kwa joto letu la Malindi

Ndugu zangu wa kazi za nyumba na mahoteli, wageni wanaondoka, milango itafungwa, na kabatini zitabaki chupa. Kila mwaka baada ya Pasaka naulizwa: si zikikaa ndiyo zinazidi utamu? Nyingi hapana, na kwa joto letu baadhi hazifiki hata msimu ujao.

Tembo la mnazi tunalijua. La asubuhi ni tamu, la jioni ni kali, la kesho ni siki. Waini haina haraka hiyo, lakini nyingi nayo ina siku zake, zikipita inapooza. Chache tu hukaa miaka kumi na zaidi zikapanda daraja, nazo zina kitu cha kuzibeba: ukakasi, uchachu au sukari nyingi. Ukakasi ni ule unaokaza ulimi ukiuma bibo. Kwenye waini nyekundu hutoka zaidi katika maganda na mbegu za zabibu, na jina lake ni tanini. Chupa ikilala miaka, tanini hushikana, ukali hulainika, na sehemu yake hutua chini ikawa mashapo. Harufu ya matunda mabichi hupungua, zikaja za ngozi, tumbaku, matunda makavu. Kama hapakuwa na ukakasi wala uchachu tangu mwanzo, hakuna cha kulainika.

Hatua ya kwanza, tenga chupa. Prosecco yenye mapovu, nyeupe kama Pinot Grigio na Vermentino, roze na nyekundu nyepesi za bei nafuu ni za mwaka mmoja au miwili. Za boksi ni za miezi tu. Upande wa kulaza weka Barolo na Barbaresco, zote nyekundu za zabibu ya Nebbiolo kutoka Piemonte, Italia, Brunello di Montalcino ya Toscana, hukohuko Italia, Cabernet Sauvignon nzuri, nyekundu pia, za Bordeaux (Ufaransa) au Stellenbosch (Afrika Kusini), Riesling nzuri, nyeupe, za Ujerumani, na Sauternes kwa upande wa tamu. Waitaliano wenyewe wameliweka hilo kisheria: Barolo haiuzwi kabla ya kupumzika miezi 38, angalau 18 ndani ya mapipa ya mbao. Ukiona chupa imecheleweshwa hivyo na mtengenezaji, mara nyingi ina nguvu ya kuendelea.

Hatua ya pili ni mahali, na hapa ndipo tunapopoteza chupa nyingi kuliko pengine popote. Waini inataka nyuzi 12 au 13, zisizopanda na kushuka ovyo. Nyumba ya Malindi iliyofungwa wakati wa kaskazi haikaribii huko hata usiku wa manane. Niliwahi kuweka Barolo sita stoo, chini ya ngazi, nikaridhika kwa sababu pana giza. Umeme ulikuwa umezimwa nyumba nzima. Aprili nikakuta kizibo cha moja kimesukumwa nje unene wa ukucha, na mchirizi mwekundu umegandia lebo. Nilipoifungua ilinuka tende zilizochemshwa. Zote sita zilikuwa hivyo. Joto haliikuzi waini, linaipika, na iliyopikwa hairudi.

Kwa hiyo mwambie mwenye nyumba kabla hajapanda ndege: friji ya waini ibaki na umeme, iwekwe 13. Kama haipo, friji ya jikoni ni afadhali kuliko stoo kwa miezi michache; ikizidi hapo, ukavu wake hukausha kizibo. Juu ya friji usiweke kamwe, pana joto na mtetemo. Umeme ukikatika, usifungue mlango wa friji.

Hatua ya tatu, laza chupa ili kizibo kibaki na unyevu. Zenye kifuniko cha kuzungusha zaweza kusimama. Ficha mwanga, hasa chupa za kioo kisicho na rangi.

Hatua ya nne, daftari: jina, mwaka wa mavuno, siku iliyoingia.

Siku ya kufungua chupa ya zamani, isimamishe tangu jana yake. Mimina polepole kwenye jagi, tochi ikimulika shingo kutoka nyuma, usimame mashapo yakifika shingoni.

MASWALI

Mwanachama wa Watamu: Mwalimu, mimi Muislamu, sionji. Nitajuaje imeharibika?

Jibu: Huhitaji kuonja, macho na pua vinatosha. Tazama kizibo kama kimepanda au kimevuja, na kama waini imeshuka sana shingoni. Nyekundu ikizeeka hugeuka rangi ya tofali, nyeupe hukolea kama asali. Ikiwa ya mwaka jana tu na imefika huko, ina tatizo. Harufu ya boksi lililolowa ni kasoro ya kizibo, harufu ya siki unaijua. Ila Riesling ya zamani hunuka mafuta ya taa kidogo, usiirudishe, ndivyo ilivyo.

Mwanachama wa Shela, Lamu: Chupa zetu huvuka kwa boti kutoka Mokowe, juani. Zinaharibika?

Jibu: Saa moja ya jua la mchana inaumiza. Zivushe alfajiri, zifunike kwa gunia lililoloweshwa, na zikifika zilaze. Za zamani zipe wiki mbili zitulie kabla ya kuzifungua.

Mwanachama wa Malindi: Bosi ana Barolo 12 za mwaka 2016, zimekaa kwenye friji ya waini tangu zinunuliwe. Tufungue lini?

Jibu: Kaka, mwombe afungue moja msimu huu, akiwa na chakula cha nyama. Imiminwe kwenye jagi saa mbili kabla ya kunywewa. Kisha muulize kama bado inakaza ulimi. Akisema ndiyo, andika tarehe, zile kumi na moja zirudi kulala miaka miwili, mitatu, ndipo mjaribu nyingine.