Kutengeneza Kikopo cha Kalamu kwa Ganda la Buyu: Mwongozo kwa Anayeanza

Anayesafiri kutoka Dodoma kwenda Iringa kupitia Mtera wakati wa kiangazi huiona mibuyu imesimama bila jani, huku mabuyu yakining'inia kwenye vikonyo vyake virefu. Wengi wetu hulipasua buyu kwa jiwe ili tupate ubuyu ulio ndani, kisha vipande vya ganda huishia jalalani au jikoni. Ganda hilo ndilo malighafi ninayompa kila mtu anayetaka kujifunza kazi za mikono kwangu, na sababu yake ni rahisi: lina unene wa kutosha kuvumilia makosa ya mkono mgeni, nalo limekwisha kuumbwa, kwa hiyo mwanafunzi hahitaji kujua kuchonga. Kibuyu cha mung'unye ni chepesi na kizuri zaidi, lakini ukuta wake mwembamba hupasuka upesi, na ni afadhali kukifikia baadaye.

Mwongozo huu unahusu kikopo kimoja cha kuwekea kalamu. Kazi yenyewe haizidi saa nne au tano, ila imegawanyika katika siku kadhaa kwa sababu ya kukausha.

Hatua ya kwanza ni kuchagua buyu, nayo ndiyo huamua zaidi ya nusu ya matokeo. Tafuta buyu lililokomaa na kukaukia mtini, lenye urefu wa sentimita 15 hadi 20 na kitako kipana kiasi, kwa kuwa lililochongoka pande zote mbili halitasimama. Litikise karibu na sikio. Ukisikia vitu vinagongana ndani, ujue ubuyu umekauka na kujitenga na ganda. Kisha ligonge kwa kidole sehemu mbalimbali. Sauti inapaswa kuwa kavu na ya namna moja, na mahali inapofifia ghafla huenda pana ufa au uozo. Likague pia kwenye kikonyo, ambako nyufa huanzia, na uache lolote lenye matundu madogo ya wadudu hata kama muuzaji anakupunguzia bei. Mabuyu yaliyolala chini hadi mvua za Desemba zikayakuta huwa yameota ukungu ndani, kwa hiyo miezi mizuri ya kununua ni ile ya kiangazi.

Vifaa vyote hupatikana katika duka la kawaida la vifaa vya ujenzi: bapa la msumeno wa chuma (fremu yake si lazima), msasa namba 80, 150 na 240, tupa ndogo, na waya mgumu au msumari mrefu wa kuchomea mapambo. Andaa pia koleo, kisu butu, kijiko cha zamani, penseli, karatasi, barakoa, na kanga au kitenge chakavu. Zungushia kitambaa ncha moja ya bapa la msumeno na ulifunge vizuri, ili upate mpini usiokukata kiganja.

Kabla ya kukata, ondoa vinyweleo laini mfano wa mahameli vilivyofunika ganda. Wanafunzi wengi hutaka kuanza na msumeno, lakini vinyweleo hivyo huwasha ngozi na koo, na ukikata kwanza vitaingia katika ubuyu ambao familia inausubiri. Vaa barakoa, loweka kitambaa na kulipangusa buyu lote hadi lilowane, kisha likwangue kwa mgongo wa kisu kuanzia kwenye kikonyo kuelekea kitakoni. Likianza kukauka, lilowanishe tena, kwa sababu vinyweleo vikavu hupeperuka na upepo wa Dodoma hauhitaji kubembelezwa. Malizia kwa waya wa kusugulia sufuria hadi uone rangi ya kahawia ya ganda lenyewe, halafu liache likauke kivulini kwa saa kadhaa.

Sasa piga mstari wa kukatia. Kata utepe wa karatasi wenye upana wa sentimita mbili, uzungushe kwenye buyu takribani sentimita 11 kutoka kitakoni, usogeze hadi ncha zake zikutane bila kupishana, na upitishe penseli kwenye ukingo wake wa juu. Mstari uliopigwa kwa kukadiria kwa jicho hupinda, na upindo huo hautauona mpaka kikopo kikae mezani.

Hatua ya kukata ndiyo ninayowasihi watu waiendee polepole. Buyu langu la kwanza nililikata kama mtu akatavyo ubao: nilishikilia mahali pamoja, nikasukuma msumeno hadi ukazama, na nilipofika nusu ganda likapasuka kwa urefu hadi kitakoni. Ganda la buyu lina mkazo wake, na ukilifungua upande mmoja tu, upande huo huwa mlango wa ufa. Njia salama ni kuchimba mfereji wa kina kidogo, kiasi cha milimita moja, kuuzunguka mstari wote. Ukimaliza mzunguko wa kwanza, anza wa pili katika mfereji uleule, kisha wa tatu, na uendelee hivyo mpaka msumeno utoboke wenyewe mahali fulani. Hapo usishawishike kuuzamisha, bali endelea kuzunguka hadi kifuniko kikatike kwa uzito wake.

Ili buyu lisiviringike, kunja kanga iwe ngata, kama ile ya kubebea ndoo kichwani, na uliweke juu yake. Ngata hulishika pande zote bila kulibana, jambo ambalo jiliwa ya fundi seremala haliwezi. Mkono usioshika msumeno ukae nyuma ya njia ya bapa, wala usiwe mbele yake. Kwa ganda la unene wa kawaida, kazi hii huchukua nusu saa au zaidi.

Kifuniko kikitoka, toa ubuyu kwa mkono. Ule uliogusana na mkato una unga wa msumeno, kwa hiyo utenge, na uliobaki uufanyie juisi au upewe watoto waumumunye. Nyuzi nyekundu zilizoshikamana na ukuta hazitoki kwa kuvutwa zikiwa kavu. Jaza maji ndani ya ganda, liache usiku kucha, na asubuhi ukwangue kwa kijiko. Rudia mara moja ikibidi, lakini usiliache ganda majini siku nzima.

Kausha kivulini, mahali penye hewa, kwa siku mbili au tatu, ukiligeuza asubuhi na jioni. Jua letu la Septemba ni rafiki wa michembe na mboga za kukausha, ila kwa ganda lililolowa ni adui, kwa sababu upande wa nje hukauka na kusinyaa kabla ya ndani, na nyufa huanza. Ukiona ufa mwembamba umejitokeza, usitupe kazi. Changanya gundi nyeupe ya mbao na unga wa ganda uliotoka kwenye msasa, ujaze ufa, na ufunge kwa kamba hadi kesho yake. Ufa mrefu zaidi ushone: toboa matundu madogo pande zote mbili kwa msumari wa moto, pitisha uzi wa katani, ukaze. Vibuyu vilivyopasuka vimeshonwa namna hii tangu zamani, na binafsi napenda zaidi kikopo chenye mshono kuliko kisicho nao.

Kwa kupiga msasa, bandika namba 80 juu ya meza, geuza kikopo mdomo chini, na ukisugue kwa kuzungusha hadi ukingo wote uguse meza. Fanya vivyo hivyo kitakoni mpaka kipate uso bapa wa kukisimamisha, ukipima mara kwa mara ili usitoboe. Maliza nje na ndani kwa namba 150, kisha 240. Barakoa isivuliwe katika hatua hii.

Mapambo huchomwa kwa waya wa moto. Chora kwanza kwa penseli, na kama huna wazo, anza na mistari na pembetatu kwenye ukingo, au maumbo mepesi ya twiga na watu warefu wembamba kama yale ya michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Andaa waya mbili kwenye jiko la mkaa lililowekwa nje, ili moja ipate moto wakati nyingine inatumika, na uzishike kwa koleo. Waya iguse ganda kwa muda mfupi na kuinuliwa. Ikikaa, doa husambaa na mstari hupoteza ukali wake. Fanya mazoezi kwenye kile kifuniko ulichokikata kabla hujagusa kikopo.

Mwisho ni kulilisha ganda mafuta. Vanishi ya dukani hung'aa sana kwa ladha yangu. Mimi hutumia nta ya nyuki na mafuta ya alizeti, vitu ambavyo Dodoma na Singida havikosekani. Pima gramu 20 za nta na gramu 80 za mafuta, viweke katika kopo, na kopo uliweke ndani ya sufuria yenye maji ya moto hadi nta iyeyuke. Usiiweke nta moja kwa moja juu ya moto, kwani hushika moto kwa urahisi. Mchanganyiko ukipoa na kuwa kama siagi, chukua kidogo sana kwa kitambaa, usugue nje na ndani, subiri dakika 15, kisha ufute wote uliobaki juu. Mafuta ya alizeti hukauka polepole, na tabaka nene litabaki likinata na kukusanya vumbi kwa wiki kadhaa. Kitambaa kilichotumika kitandaze nje kikauke badala ya kukifinyanga na kukitupa pembeni.

Kikopo hiki ni cha vitu vikavu tu. Kikichafuka, kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu na ukipake nta upya kila baada ya miezi michache. Kifuniko kilichobaki na alama zako za majaribio kipige msasa vilevile, kitakufaa kwa kuwekea vifungo na sindano.