Impreza WRX: anza na matairi, springi baadaye

Wengi wakitaka Impreza WRX, gari la Subaru, ikate kona vizuri hukimbilia kuishusha kwa springi fupi. Anza na matairi, maana ndiyo pekee yanayogusa lami. Soma tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba ikishakakamaa haishiki barabara, hata kama kashata (michoro ya juu ya tairi) bado ni nzima, na mvua ikinyesha ndiyo hatari kabisa. Kisha kagua bushi (mipira ya kwenye maungio ya vyuma vya chini) na shokapu. Zikiwa zimechoka, springi mpya ni pesa ya kutupa. Springi fupi mno kwenye shokapu za kiwandani hugonga kwenye matuta. Ukishafungua chochote huko chini, pima alaimenti (mkao wa magurudumu) siku hiyohiyo, la sivyo matairi mapya yatalika upande mmoja.