Programu ya Nakala Rudufu Inapokwama Kati ya Diski na Diski: Namna ya Kutafuta Chanzo

Programu inayochoma mafaili katika DVD kadhaa mfululizo inapokwama kwenye diski ya nne, watu wengi huzima kila kitu na kuanza tena na diski ya kwanza. Kwa kufanya hivyo hupoteza diski na muda, maana DVD moja iliyojaa, ikichomwa kwa kasi ya 4x, huchukua takriban dakika 15 kabla hata haijahakikiwa, na chanzo cha mkwamo bado kipo palepale. Kabla ya kubonyeza chochote, nakili ujumbe wa hitilafu neno kwa neno pamoja na namba zake, kisha bainisha kazi ilikuwa imefikia hatua gani: je, programu ilikuwa ikitayarisha mafaili, leza ilikuwa ikichoma, diski ilikuwa ikifungwa, au mafaili yalikuwa yakisomwa upya ili yalinganishwe na yale ya kwenye kompyuta? Amri nitakazozitolea mfano ni za Linux, kwa kuwa huko ujumbe wa kiendeshi, yaani kifaa kinachosoma na kuchoma diski, hutolewa bila kufichwa, lakini vyanzo vyenyewe ni vilevile hata kwa anayetumia Windows.

Jinsi seti ilivyokatwa

Programu za namna hii hugawanya kazi kwa njia mbili. Baadhi huweka mafaili kamili katika kila diski, na faili lisipoenea huhamishiwa diski inayofuata. Diski moja ikiharibika, zilizobaki husomeka zenyewe bila kutegemea nyingine. Baadhi huunda furushi moja kubwa (archive), yaani faili moja lenye mafaili mengine yote ndani yake, na kulikata vipande vinavyoenea kwenye diski, na hapo ndipo shida nyingi huanzia, kwa sababu faili moja linaweza kuanzia mwisho wa diski ya pili na kumalizikia mwanzo wa diski ya tatu, na orodha ya yaliyomo katika seti nzima huwa mahali pamoja tu. Katika ZIP iliyokatwa, orodha hiyo imo kwenye kipande cha mwisho, kile ambacho jina lake linaishia na .zip, ilhali vilivyotangulia huitwa .z01, .z02 na kuendelea. Programu ya dar, ambayo ni ya kutengeneza nakala rudufu, nayo huweka orodha mwishoni. Ndiyo maana mtu anayetaka kurejesha picha moja tu huombwa kwanza diski ya mwisho. Programu haijachanganyikiwa, wala hakuna haja ya kuilazimisha ikubali diski ya kwanza. Anayetumia dar anaweza kujiepusha na usumbufu huo kwa kuitoa orodha na kuihifadhi kando, kwenye kompyuta au kwenye flashi, kwa amri hii, ambamo picha ni jina la furushi:

dar -C orodha -A picha

Namna ya kubana data pia ina uzito wake. Furushi lililoundwa kwa programu ya tar na kubanwa lote kwa pamoja kwa programu ya gzip likikatwa vipande, kisha diski ya tatu isisomeke, basi kwa kawaida kila kilichofuata baada ya hapo hakifunguki, hata kama diski ya nne na ya tano ni nzima kabisa. Programu ya dar hubana kila faili peke yake, kwa hiyo hasara huishia kwa mafaili yaliyokuwa ndani ya kipande kilichoharibika. Kwa maoni yangu, anayehifadhi picha, hati na muziki hana sababu ya kutumia furushi lililokatwa, kwani mafaili ya JPEG na MP3 yamekwisha kubanwa na hayatapungua tena kwa kiasi cha maana. Na atumie njia ya mafaili kamili, isipokuwa pale faili moja linapozidi ukubwa wa diski.

Ukubwa usiolingana na ulioandikwa kwenye boksi

Ujumbe kwamba nafasi haitoshi ndio wa kwanza kwa wingi, na mara nyingi chanzo ni hesabu tu. DVD iliyoandikwa 4.7 GB ina baiti bilioni 4.7, lakini kompyuta zinazohesabu gigabaiti kwa vizio vya 1,073,741,824 huionyesha kuwa na 4.38 hivi. Aliyeiagiza programu ikate vipande vya 4.7 kwa hesabu ya kompyuta ameagiza kitu kisichoweza kuenea. Tena, DVD-R na DVD+R hazilingani: ya kwanza huchukua baiti 4,707,319,808 na ya pili 4,700,372,992. Tofauti hiyo ya takriban megabaiti 7 ni ndogo, lakini inatosha kuikwamisha seti iliyopangwa kujaza DVD-R hadi ukingoni pale mtu anapoishiwa boksi na kununua DVD+R ili kumalizia.

Kizuizi kingine ni cha ukubwa wa faili lenyewe. Mfumo wa ISO 9660, unaotumika kupanga mafaili kwenye diski, katika hali yake ya kawaida haupokei faili linalofikia baiti 4,294,967,296, na mfumo wa FAT32 una mpaka huohuo. Kwa hiyo kipande kimoja kinachokaribia kuijaza DVD kinaweza kukataliwa ingawa diski ina nafasi, na vilevile programu inaweza kushindwa kuandika taswira ya muda ya diski (image, yaani faili moja lenye nakala ya diski nzima) kwenye flashi au diski ya nje iliyoumbizwa kwa FAT32. Dawa yake ni kukata vipande vidogo na kuweka kadhaa katika kila diski. Vipande vinne vya megabaiti 1,100 hufanya jumla ya baiti 4,613,734,400, ambazo huingia katika aina zote mbili za DVD na kubakiza nafasi ya orodha ndogo na mafaili ya uhakiki.

Kama programu hukwama hata kabla leza haijawaka, angalia folda yake ya muda. Programu nyingi hutengeneza kwanza taswira kamili ya diski kwenye diski kuu ya kompyuta, na kompyuta iliyobakiza gigabaiti 3 haiwezi kuandaa DVD ya 4.7. Hapa watu wengi hulaumu kiendeshi bure.

Majina ya mafaili hayasimamishi kazi mara zote, bali hukatwa kimyakimya. Mfumo wa Joliet, unaotumiwa na Windows kusoma majina marefu katika diski, huishia herufi 64. Mafaili mawili ambayo majina yao yanafanana kwa herufi 64 za mwanzo na kutofautiana kwa tarehe iliyo mwishoni yanaweza kubadilishwa majina, au programu ikatoa onyo la majina yanayogongana. Weka tarehe mwanzoni mwa jina, au tumia mfumo wa UDF kama programu inaruhusu.

Kusoma namba za kiendeshi

Leza inaposhindwa katikati ya kazi, programu kama growisofs, inayochoma DVD katika Linux, hutoa ujumbe wenye alama tatu: SK, ambayo ni aina ya kosa, na ASC na ASCQ, ambazo hueleza undani wake. Programu za Windows zinazoonyesha kumbukumbu za kina hutoa namba hizohizo, kwa kuwa zinatoka kwenye kiendeshi chenyewe. SK ndiyo ya kuanza nayo. Namba 2 humaanisha kiendeshi hakiko tayari, 3 huelekeza kwenye diski, 4 kwenye kifaa chenyewe, na 5 humaanisha kwamba programu imeomba jambo lisilowezekana kwa diski iliyomo.

SK=3 pamoja na ASC=0C ni kosa la kuandika: diski na leza havikuelewana. Punguza kasi hadi 4x au 6x, kisha jaribu chapa nyingine ya diski kabla ya kuamua kununua kiendeshi kipya. Kumbuka kwamba DVD yenye tabaka moja huchomwa kuanzia ndani kwenda nje. Kwa hiyo kosa linalojitokeza kila mara kazi ikiwa imepita asilimia 90 liko kwenye ukingo wa nje, ambako kasi huwa kubwa, ubora wa tabaka la rangi katika diski za bei rahisi hushuka, na lebo ya kubandika iliyokaa upande huifanya diski iyumbe. Andika kwa kalamu inayofaa diski karibu na tundu la katikati, usibandike kitu.

SK=3 na ASC=73 ni kosa la kupima nguvu ya leza. Kabla ya kuchoma, kiendeshi hujaribu leza yake kwenye eneo dogo lililotengwa katika diski. Jaribio likishindwa, hakiandiki kabisa. Likitokea kwa diski moja, itupe. Likitokea kwa kila diski ya chapa fulani huku chapa nyingine ikikubalika, fimwea ya kiendeshi, yaani programu iliyomo ndani yake, haiitambui ile chapa vizuri. Likitokea kwa zote, lenzi ina vumbi au leza imechoka.

SK=5 na ASC=30 humaanisha kwamba aina ya diski au hali yake haikubaliki. Mara nyingi Windows imekwisha kuiumbiza diski ile ili itumike kama flashi, nawe hukugundua ulipobonyeza kitufe cha kukubali. Amri dvd+rw-mediainfo /dev/sr0 (sr0 ni jina ambalo Linux hukipa kiendeshi) itakuonyesha hali ya diski: blank ni tupu, appendable bado inaweza kuongezewa, complete imefungwa. Programu iliyotazamia diski tupu haitaigusa ile iliyofungwa.

Kiendeshi cha nje kinachotumia waya wa USB kina ugonjwa wake wa pekee. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu, na leza inapochoma huhitaji umeme mwingi kuliko inaposoma. Dalili ni kiendeshi kutoweka ghafla katikati ya kazi na kurudi kama kifaa kipya, ambapo Linux inaweza kukiita sr1 badala ya sr0, huku programu ikiendelea kukisubiri kile cha kwanza. Tumia waya wenye vichwa viwili au chanzo cha umeme cha nje, na usikiunganishe kupitia kigawanyaji cha USB kisicho na umeme wake. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), mahali umeme unapokatika bila taarifa, nayo itaharibu diski iliyokuwa ikichomwa. DVD-R iliyokatishwa njiani haifai kuendelezwa.

Tenganisha kukata na kuchoma

Hitilafu zote hizo huwa ndogo kama kazi mbili zinatenganishwa. Badala ya kuiachia programu ikate na kuchoma kwa pamoja, tengeneza kwanza vipande vyote kwenye diski kuu, vipatie alama za uhakiki (checksum, namba ambayo hubadilika faili likibadilika), kisha choma. Diski ya nne ikishindwa, unachoma ya nne tu.

dar -c picha -R /home/studio/Picha -s 1100M
sha256sum picha.*.dar > picha.sha256
growisofs -dvd-compat -speed=4 -Z /dev/sr0 -R -J -V PICHA_03 picha.9.dar picha.10.dar picha.11.dar picha.12.dar picha.sha256

Amri ya kwanza hukata vipande, ya pili huandika alama za uhakiki, na ya tatu huchoma diski ya tatu, yenye kipande cha 9 hadi cha 12, na kuipa jina PICHA_03. Jina hilo lina faida kubwa kuliko namba iliyoandikwa kwa kalamu. Programu inapoendelea kuomba diski ya tatu ilhali umekwisha kuiingiza, mara nyingi husoma jina la ndani, na diski iliyochomwa upya baada ya kosa huenda ilipewa namba nyingine bila wewe kujua. Amri blkid /dev/sr0 hukuonyesha jina halisi. Jina likiwa sahihi na programu bado inalalamika, funga dirisha la mafaili lililofunguka lenyewe, itoe diski kwa amri ya eject, irudishe, na usubiri taa ya kiendeshi itulie ndipo ubonyeze kitufe cha kuendelea.

Uhakiki ufanywe baada ya diski kutolewa na kurudishwa, kwa kuwa kompyuta inaweza kuwa inasoma data iliyobaki kwenye kumbukumbu yake badala ya ile iliyo kwenye diski. Ingia ndani ya folda ya diski na uendeshe sha256sum -c --ignore-missing picha.sha256, ikiwezekana kwenye kiendeshi kingine kuliko kile kilichochoma. Usilinganishe kifaa kizima na faili la taswira, kwa sababu growisofs hujazia mwisho wa diski ili ufikie kizio cha sekta 16 (sekta ni kipande kidogo kabisa cha data kwenye diski), na alama zinaweza kutofautiana ingawa data ni nzima.

Diski isiyosomeka wakati wa kurejesha

Ifute kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe, kisha uijaribu kwenye viendeshi vingine kabla ya kukata tamaa. Tofauti kati yao ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Usiiachie programu ya nakala rudufu ing'ang'ane na sekta mbovu, kwani haikuundwa kwa kazi hiyo. Tumia ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu nzima na kurudia mbovu baadaye:

ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 diski3.iso diski3.map
ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 diski3.iso diski3.map

Faili la .map hukumbuka sekta zilizokwisha kupatikana. Kwa hiyo unaweza kuihamishia diski kwenye kiendeshi cha pili, hata kwenye kompyuta nyingine, ukarudia amri ya pili na mafaili yaleyale mawili, nacho kikajazia kile ambacho cha kwanza kilishindwa kusoma. Sekta zikisha kupatikana zote, au zilizobaki zikiwa chache, fungua diski3.iso kama folda, nakili vipande vyake mahali pamoja na vya diski nyingine, uviendeshee sha256sum ili ujue ni kipi hasa chenye upungufu, halafu ndipo uanze kurejesha mafaili.