Mizoga ya Sato Isitupwe Ziwani

Ndugu wafugaji wa vizimba wa Ghuba ya Mwanza, kosa moja linarudiwa kila vifo vinapotokea: mfugaji anaokota sato aliyekufa, anamtupa nje ya kizimba, kisha anaendelea kulisha. Mkondo humpelekea jirani mzoga huo, na samaki wazima wanaoudonoa humeza vijidudu, wakiwamo wa streptokoka, ugonjwa unaowatoa sato macho na kuwafanya waogelee kwa kuzunguka.

Wengine husubiri mizoga ielee. Samaki aliyekufa huzama kwanza hadi kwenye kitako cha wavu, akaelea baada tu ya kuvimba. Anayeonekana juu asubuhi hakufa asubuhi hiyo, na wa leo bado wako chini. Inueni kona za wavu taratibu kila siku saa 1 asubuhi, kabla ya kulisha, na joto la maji likikaribia nyuzi 28 rudieni saa 10 jioni. Andikeni idadi ya kila kizimba peke yake.

Mizoga iwekwe katika ndoo yenye mfuniko, ifukiwe kwenye shimo la kina cha mita 1.5 na kunyunyiziwa chokaa, zaidi ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, umbali uleule ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu. Pimeni kwa kamba! Nimewahi kuonyeshwa shimo lililosemwa kuwa mbali, nikalifikia kwa hatua 25, na maji yalikuwa yanachuruzika chini yake; hilo ni kurudisha ugonjwa ziwani kwa mlango wa nyuma.

Kila kizimba kiwe na wavu wake wa mkono. Baada ya kazi ulowekwe nchi kavu kwa dakika 30 katika lita 10 za maji zenye mililita 60 za dawa ya madoa yenye klorini (hipokloraiti) ya asilimia 3.5, kisha uanikwe juani. Vaeni glavu, hasa mwenye kidonda mkononi.

Idadi ya mizoga ikishuka siku 7 mfululizo na samaki wakakimbilia chakula, mmefanikiwa.

Isiposhuka, msinunue dawa kwa kubahatisha. Mpelekeeni afisa uvuvi samaki 5 wanaoumwa lakini bado hai. Ikiwa maabara ni mbali, wawekwe kwenye mfuko mkavu juu ya barafu, wasigandishwe, wafike kabla ya saa 24 kupita. Mzoga uliooza hauwezi kuonyesha kilichomuua samaki.